Walikokwenda Ng'ombe

Wiki iliyopita nilimnunulia binti yangu mfuko wa majani makavu ya sungura, katika duka la wanyama hapa Schaerbeek, huku kwa Wabelgiji. Ndiyo, msomaji wangu, katika mji huu majani yananunuliwa dukani, yamefungwa kwenye plastiki kama mkate. Nilipoukata mfuko, harufu ikanijia usoni, ya jua na vumbi na utamu kidogo, nikajikuta nimeketi sakafuni, mfuko mapajani, sungura ananishangaa. Nilikuwa nimerudi zizini.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mama alikuwa akimtunza ajuza mmoja Mbelgiji kule Laeken, mwenye maneno machache na biskuti nyingi. Kaka yake ajuza huyo alikuwa mkulima karibu na pwani, na zizi lake la zamani alikuwa ameligeuza nyumba ya kupangisha watu wa likizo. Kiangazi kile ajuza akamwambia Mama achukue watu wake, waende wakapumzike wiki moja. Mama hakuwa amepumzika tangu Koko afike.

Koko ni bibi yangu, aliyemzaa Mama. Sisi wa Bukavu, mashariki ya Kongo, ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Vita vilikuwa vimemtoa nyumbani kwake Walungu, akatufikia katikati ya baridi na begi lisilojaa. Alikaa dirishani akitazama tramu. Chakula alikigusa kwa adabu tu. Kitandani hakulala, asubuhi tulimkuta amesinzia kwenye kiti, viatu miguuni, kama mtu anayengoja kuitwa. Mama aliamini kwamba hewa ya shamba ndiyo itakayomponya, na aliitaja hewa hiyo kama watu wanavyotaja dawa ya daktari bingwa. Koko asipopona huko, alimwambia Papa, yeye hajui tena la kufanya.

Papa alitupeleka kwa gari la kuazima, limejaa unga wa fufu, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, yaani dagaa, kutoka maduka ya Waafrika ya Chaussée de Wavre, maana Mama hakuwa na hakika kama kwenye pwani ya Wabelgiji kuna chakula. Akatushusha, akarudi kazini.

Nyumba ilikuwa nzuri, nawaambia. Kuta nyeupe, makochi, mapazia ya maua. Mwenyewe alikuwa ameacha vitu viwili vya zamani kwa ajili ya urembo: hori la kulishia, ambamo sasa yalipangwa magazeti, na pete za chuma ukutani. Ila harufu ya majani ilikuwa bado imo kwenye mbao, na hiyo hakuna rangi inayoifunika. Mimi nilikimbilia kitanda cha juu. Koko alisimama katikati ya sebule, akanusa. Akaenda ukutani, akashika pete moja, akapitisha kidole upande wa chini, pale chuma kilipoliwa na kamba kwa miaka. Kisha akatoka nje, akaketi kwenye benchi na begi lake.

"Mama Furaha," akamwita Mama, kwa jina langu mimi, "hii ni nyumba ya ngombe."

"Ilikuwaka, Maman. Zamani. Sasa ni ya batu."

"Na ngombe zilienda wapi?"

"Sijue. Bon, ingia tukule."

"Siwezi kulala pahali kwenye benyewe balitoshwa. Mpaka nijue kwenye beko."

Maana yake, hawezi kulala pahali ambapo wenyewe walitolewa, mpaka ajue waliko. Msicheke. Kwao Koko ng'ombe ana jina lake, na hatoki zizini bila watu kujua ameenda kwa nani: ametolewa mahari, amepewa rafiki, amekufa. Zizi tupu lina habari, na mgeni mwenye adabu huiuliza kabla ya kuketi. Hilo Mama alilijua vizuri. Lakini alikuwa amechoka, na aliona haya. Alibembeleza, akapika, akamletea sahani pale benchini, fufu ikapoa. Jua la kiangazi huku linachelewa kuzama, na nuru yake yote ilimwangukia yule mwanamke mdogo na begi lake. Mwishowe Mama akasema kesho tutampigia Papa simu aje atuchukue. Nililia kwa hasira. Bahari yenyewe nilikuwa sijaiona.

Ndipo mkulima akaja kutusalimu, na mayai kwenye kofia yake. Alikuwa mzee mrefu, mwenye masikio mekundu.

"Mwulize," Koko akamwambia Mama.

Mama akatabasamu, akamuuliza mzee kwa Kifaransa kama nyumba hii ni ya zamani sana. Lo, mzee alifurahi. Akaeleza habari za mbao, za paa, za baba yake, za fundi aliyemlalia. Koko alimsikiliza mpaka mwisho, macho kwenye mikono ya mzee.

"Haukumuuliza," akasema. "Mutu mwenye anaulizwa njia anaonyesha na mukono. Huyu hakuonyesha fasi yoyote."

Mama akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa na Kiholanzi changu cha shule, lugha ya nyumbani ya mzee yule, hafifu, cha kuhesabu na kutaja wanyama, lakini ng'ombe walikuwamo. Nikamvuta mzee mkono wa shati, nikamuuliza ng'ombe wako wapi.

Alinitazama, akamtazama Koko na begi lake. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliondoka, akarudi na mabuti ya mpira ya marehemu mke wake, akayaweka miguuni pa Koko, kisha akainua mkono na kuonyesha ng'ambo ya miti.

Huko kulikuwa na zizi jipya, kubwa, na ng'ombe weusi kwa weupe wenye vipande vya plastiki ya njano masikioni. Koko alipita kati yao polepole akiwagusa migongo, akiwasemesha Kimashi, lugha ya kwao, na kila mmoja alimgeuzia kichwa. Mzee akamwonyesha ng'ombe mmoja mkongwe, akaonyesha nyumba yetu, akashusha kiganja mpaka usawa wa goti. Huyu alizaliwa mle. Koko alisimama mbele ya ng'ombe yule muda mrefu, akimwambia jambo. Mama alilisikia, akageuza uso, na mpaka leo hajanitafsiria.

Tuliporudi, Koko alivua mabuti mlangoni, akaliingiza begi ndani mwenyewe.

"Beko muzuri," akasema. "Alors, tukule."

Alikula kama mtu aliyetoka kulima. Akalala kitandani, mpaka jua likajaa chumba kizima, huku Mama akienda kila mara kusikiliza kama anapumua. Baadaye tulikwenda baharini. Koko, aliyezoea ziwa lenye milima upande wa pili, alikaza macho mbali.

"Ngambo haiko?"

"Iko, Koko. Ni Uingereza."

"Haionekane," akasema, na bahari akaipa mgongo.

Kisa hiki nilikisimulia miaka mingi kama kichekesho, Koko na ng'ombe zake, na watu walicheka kweli. Kisha vita vikatulia kidogo, Mama akaenda Bukavu, akafika hadi Walungu. Aliporudi alinisimulia jikoni, kwa sauti ya chini. Nyumba ya Koko imesimama, imepakwa rangi, ina familia nyingine. Watu wazuri. Walimpa kiti na maji, wakazungumza habari za mvua na maharage. Hakuna aliyeuliza neno juu ya waliokuwa wakikaa pale. Nilikuwa na kisu mkononi na kitunguu nusu, na ndipo nilipoelewa jioni ile ya zizini Koko alikuwa akiuliza nini. Nililia, na kitunguu kikanisitiri.

Sebuleni Koko alikuwa akingoja, mikono mapajani.

"Bale benye kukaa kule," akamuuliza Mama, "baliuliza miye nilienda wapi?"

Mama akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Baliuliza, Maman. Baliuliza sana."

Koko akaitazama mikono ya Mama. Mama akauinua mmoja, akaonyesha dirishani, mbali, kupita paa za Schaerbeek.

"Nikabaonyesha. Nikasema uko huku, uko muzuri."

Koko akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na lugha zangu zote mdomoni, na safari hii sikusema kitu.