Kindi Wawili wa Nesi Asteria

Asteria hakuwahi kuwa nesi. Alikuwa mhudumu wa wodi, mwanamke wa darasa la saba aliyeingia hospitali ya misheni kwa kupiga deki, akatoka miaka thelathini na moja baadaye akiwa ndiye anayeitwa mbio kila anapozaliwa mtoto njiti. Masista walimfundisha, naye akashika. Mtoto wa kilo moja kasorobo alimlisha tone kwa tone, akamfunga kifuani mwa mama yake ngozi kwa ngozi, akakaa pembeni kuzihesabu pumzi zake. Watu wa Mbaga, huko juu milimani, wakaanza kumwita Nesi, naye hakuwasahihisha.

Ukishuka naye Same hata leo, pale stendi utaona baba mzima mwenye ndevu anaacha abiria kwenye bodaboda na kupaza sauti, "Shikamoo Nesi! Mimi wako, yule wa gramu mia tisa!" Asteria huitikia marahaba kama mtu anayepokea haki yake. Halafu humwamuru avae kofia ngumu, maana hakumhangaikia wiki saba ili aje apasuke kichwa kwenye lami ya Moshi.

Alikuwa na neno lake moja alilolipenda: "Mkononi mwangu hajapaliwa hata mmoja." Alilisema jumuiyani, alilisema msibani, alilisema bombani akingoja ndoo ijae. Waliomzoea walikuwa wanalingojea, na wenye utani walimmalizia.

Sasa ana miaka sabini na minne na anaishi peke yake, kwa kuwa binti yake Elinaza ameolewa Arusha. Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Si sana, ni kama jani linapopitiwa na upepo mdogo. Hakumwambia mtu. Akiwa na wenzake aliukalia au aliufunika kwa kanga, na akipewa chai alisema anangoja ipoe. Chai nyingi sana alizinywa baridi mwaka huo.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa tano, ukungu ukiwa bado umelala migombani, Eliezeri, jirani wa upande wa chini, alileta wapasua mbao wakauangusha mgrevilea wa mpakani. Mti ulipolala chini, kilisikika kitu kinalia ndani ya matawi, sauti nyembamba kama ya mlango usiotiwa mafuta. Asteria akaenda kuchungulia. Kindi mkubwa alikuwa amebanwa na shina, amekwisha kufa. Kando yake, ndani ya kiota kilichopasuka, kulikuwa na wawili wadogo, kila mmoja hazidi kidole gumba, macho hayajafunguka na manyoya ndiyo kwanza yanachungulia.

"Achana nao, Nesi," Eliezeri akasema. "Wezi wa mahindi hao. Nimpe mbwa."

"Mbwa wako hata kubweka hajui, ataijulia wapi nyama?"

Wapasua mbao wakacheka. Eliezeri hakukubali kushindwa. "Wewe mwenyewe mwaka jana ulikuwa unawarushia mawe! Mchana kutwa ilikuwa mayowe tu shambani kwako!"

"Niliwarushia wakubwa. Hawa hata jua hawajaliona. Wamekuibia mahindi gani?"

Akawatia ndani ya kanga, akaondoka nao. Eliezeri akawaambia wapasua mbao, kwa sauti ya kusikika, kwamba hospitali imefunguliwa upya.

Mwanzo wote aliufanya vizuri. Alijua kwamba mtoto aliyepoa halishwi, hupashwa joto kwanza. Akajaza chupa maji ya moto, akaizungushia kitenge, akawalaza kikapuni ubavuni mwake mpaka wakaanza kujinyonganyonga. Ndipo akaenda kwa Mwanakheri kuomba maziwa ya mbuzi.

Mwanakheri alikuwa jirani wa juu, mjane wa miaka hamsini na kitu. Alizaliwa kambi ya mkonge huko tambarare, akaolewa mlimani na Idrisa, Mungu amrehemu, akabaki. Miaka ishirini na miwili amelima, amezika, amechangia misiba ya watu, na bado wako wanaomwita "yule wa kambini." Asteria alikuwa mmoja wao, ingawa maziwa alichukua kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe maziwa kidogo, nina wagonjwa."

Mwanakheri akaja naye kuwaona wagonjwa. Nyuma yake akafuata paka wake, dume jekundu kubwa aliyeitwa Bwana Afya, kwa sababu hakuna jiko la kijiji hicho ambalo hakulikagua. Mwanakheri alimtupa nje, akafunga mlango, akachuchumaa kwenye kikapu.

"Ya Rabi, wadogo hivi! Mama, mimi kindi sijalea, lakini mtoto wa mnyama hanyonyi akiwa chali. Mlaze kifudifudi. Na nimeona paka akizaa, huwalamba huku nyuma ndipo wanakoj..."

"Mwanakheri, mwanangu." Asteria alikuwa anachanganya maziwa na maji yaliyochemshwa, amempa mgongo. "Mimi nimelisha watoto wa watu wewe hujajua kujifuta kamasi."

"Sawa mama. Nilikuwa nasema tu."

"Nimesikia."

Usiku ulipita salama. Asubuhi ya Jumatano, Asteria akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akamlaza mmoja chali kwenye kiganja cha kushoto, kichwa kimeinuka kidogo, kama alivyowalaza njiti maelfu. Mkono wa kulia ukashika bomba la sindano lisilo na sindano. Tone la kwanza lilipita. La pili likapita. Kisha ule mtetemo ukaja, naye hakusubiri uishe, kwa kuwa kusubiri kungekuwa kukubali kwamba upo. Kidole kikasukuma. Maziwa yote yakaingia kwa mkupuo.

Yakatokea puani. Akamgeuza haraka, akamfuta, akampuliza, akamsugua mgongo kwa kidole kama alivyofundishwa wodini. Kindi akavuta pumzi tatu, moja mbali na nyingine. Ya nne hakuivuta.

Asteria alikaa pale mpaka maziwa yakamkaukia kwenye kiganja. Mara mbili alifungua mdomo kana kwamba kuna mtu amemwuliza jambo. Kisha akachukua kijembe, akaenda migombani, akachimba akafukia, na majani makavu akayarudisha juu yake ili udongo mpya usionekane. Alikuwa ananawa mikono Mwanakheri alipopiga hodi na kikombe cha maziwa.

"Wameamkaje wagonjwa?" Akainama kikapuni. "Eh! Mwenzake yuko wapi?"

Bwana Afya alikuwa ameingia naye, amesimama katikati ya chumba, ananusa sakafu pale yalipodondoka maziwa.

"Mwulize huyo," Asteria akasema.

Maneno mawili tu. Yalimtoka kabla hajayapima. Akaona uso wa Mwanakheri unavyobadilika, na bado ulikuwapo muda wa kuyarudisha, muda mrefu kabisa, na ukapita.

"Bwana Afya? Huyu ambaye panya wanapita mbele yake wanamwamkia?" Mwanakheri alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Akamkamata paka kwa ngozi ya shingo, akamtazama usoni. "Wewe! Mtoto wa Nesi?"

Akatoka naye bila kuaga.

Siku ile Asteria alimlisha yule aliyebaki akiwa amelala kifudifudi. Alikuwa ameegemeza kiwiko kwenye meza, anaubana mkono wa kulia kwa wa kushoto, anamdondoshea tone moja kitambaani ili alinyonye mwenyewe. Ilimchukua karibu saa nzima kumpa kijiko kimoja. Kindi alinyonya, tumbo likajaa, na Asteria akajiambia, huyu amenona.

Alhamisi asubuhi Mwanakheri akarudi. Macho yake yalikuwa mekundu, na mikono yake yote miwili imekwaruzwa mpaka viwikoni.

"Nimempeleka, mama."

"Nani?"

"Bwana Afya. Majaliwa muuza samaki alikuwa anarudi bwawani, Nyumba ya Mungu. Nikamtia kwenye kiroba, nikamfungia kwenye pikipiki yake. Akale perege huko."

Asteria akashika mlango. "Si ungengoja kwanza?"

"Ningoje nini? Amalize na huyu?" Mwanakheri akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Wewe unanijua mimi hapa ni mtu wa kuja. Ikishasemwa kwamba paka wa Mwanakheri amekula mtoto wa Nesi, itasemwa mpaka nazikwa. Bora aende."

Jibu lilikuwapo mdomoni. Asteria akalimeza, akasema ukungu wa leo ni mzito.

Mchana kindi alikataa maziwa. Asteria akamgeuza akaona tumbo limevimba, limewamba kama ngoma, ngozi inang'aa. Kindi akaguswa kidogo akalia. Wodini swali la kwanza kabisa, kabla hata ya joto, lilikuwa moja: amekojoa? Akavuta kitambaa cha kikapuni, akakinusa, akakiweka shavuni. Kikavu. Na cha jana, alichokwisha kukianika bila kukifua, nacho kilikuwa kikavu. Mwanakheri alitaka kumwambia jambo juu ya paka anayezaa na anavyolamba, naye alimkata kauli.

Alilowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, akajaribu. Ngozi ya pale ilikuwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na mkono wake ulikuwa unagonga badala ya kupangusa. Kindi akalia sauti nyingine, ya maumivu. Asteria akaiacha pamba. Akamtia kindi kifuani, akafunga kanga, akapanda njia ya juu bila viatu.

Hakupiga hodi. "Mwanakheri, njoo. Hakojoi."

Mwanakheri aliacha mboga alizokuwa anachambua jikoni. Akanawa, akapasha kitambaa, akamweka yule mdogo kwenye goti lake, akaanza kumpangusa polepole, juu kwenda chini, kama ulimi. Asteria alisimama kama walivyokuwa wakisimama wale kina mama wa wodini, vidole vimefumbatana, hajui aviweke wapi. Muda ukapita. Kisha likatoka tone la njano, na lingine, halafu kitambaa chote kikalowa.

"Haya baba!" Mwanakheri alipiga kelele. "Kojoa! Kojoa usione haya, nyumba yako hii! Mama, tazama, ananikojolea kama ana kisima!" Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Ngoja lipungue tumbo, halafu mpe maziwa. Shika."

Akamnyooshea bomba.

Asteria akautoa mkono wa kulia ndani ya kanga, akaunyoosha hewani, akauacha mwenzake autazame. Ulikuwa unatetemeka mpaka kwenye kiwiko.

"Siwezi," akasema. "Tangu mwaka jana. Na yule wa kwanza hakuliwa na paka. Alipaliwa. Mkononi mwangu. Nikamfukia migombani."

Mwanakheri aliendelea kukishika kitambaa. Kuku mmoja aliingia, akaona hakuna anayemfukuza, akaanza kula mboga.

"Bwana Afya hakumgusa?"

"Hakumgusa."

"Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alinikwaruza hivi nikimtia kwenye kiroba. Analia. Nikamwambia, kaa kimya, muuaji wewe. Miaka sita nimelala naye ndani, nikamwita muuaji."

Asteria hakuomba msamaha. Akasema, "Nipigie Majaliwa. Niongee naye mwenyewe."

Simu ikawekwa spika. Majaliwa akapokea, upepo unavuma nyuma yake. "Haloo Mwanakheri, nipo Same hapa, vipi?"

"Ni mimi Asteria."

"Aa, Nesi! Shikamoo! Perege wamekwisha, labda wiki ijayo..."

"Sitaki perege. Yule paka mrudishe. Hakufanya kosa. Nilimsingizia."

"Nesi, paka sina. Nilisimama njiani, pale kijiji cha Mwembe, kunywa chai, kurudi nakuta kiroba kimetobolewa. Nilimwona mkia tu, anaingia kwenye mahindi. Ningemwita, ila jina lake silijui."

"Anaitwa Bwana Afya."

"Anaitwa nani?" Majaliwa akaangua kicheko, na wengine waliokuwa naye wakacheka. Kule jikoni hakuna aliyecheka. Mwanakheri akaikata simu.

Akamgeuza kindi kifudifudi, akambana bomba kwenye kona ya mdomo, akaanza kumlisha. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Bila kuinua macho akasema, "Huyu atabaki hapa kwangu. Wewe utaniambia maziwa kiasi gani na baada ya muda gani. Hayo unayajua."

"Na mimi kesho nashuka Mwembe."

"Kwa magoti hayo?"

"Nitashuka."

Mwanakheri hakumkataza, wala hakumtakia safari njema.

Ijumaa Asteria alipata nafasi kwenye lori lililobeba mbao, akateremka Mwembe saa tatu. Mahindi ya Mwembe yalikuwa yamempita kimo. Akaanza na shamba lililo nyuma ya mgahawa wa chai, anapita mtaroni kwenye matope, anaita. Watoto waliokuwa wanaenda bombani wakasimama kumsikiliza bibi anayemwita Bwana Afya shambani. Saa sita Mwanakheri akapiga simu, akasema maneno manne, amekunywa, amekojoa, tumbo limelala, akakata. Asteria akarudisha simu kifuani, akaingia shamba la pili.

Mwenye shamba alitoka na panga lake, akamtambua. Mke wake aliwahi kulazwa na pacha.

"Nesi! Shikamoo. Unatafuta nini humu?"

"Marahaba. Paka. Dume, mwekundu, mkubwa."

"Wako?"

"Wa jirani yangu."

"Basi ngoja nikusaidie, nipite upande ule." Akafyeka njia kidogo, kisha akageuka. "Kwani alifanya nini hata akafukuzwa?"

Asteria alikuwa ameegemea bua la muhindi, anahema. Mkono wa kulia ulikuwa nje ya kanga, unatetemeka mbele ya mtu.

"Hakufanya kitu," akasema. "Niliua kindi nikamsingizia yeye. Pita huko, uite kwa nguvu."