Tiara Yangu, Upepo wa Neema

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeishia darasa la saba, leo nauza riboni na maua ya plastiki kwa jumla Kariakoo, na ghorofa nimepandisha mwenyewe. Na kabla ya hayo yote, enzi zetu, nilikuwa fundi wa tiara ambaye Msimbazi nzima ilimjua.

Mnaokumbuka mtakubali. Njiti tulichomoa kwenye fagio la chelewa, karatasi ni gazeti lililofungiwa maandazi, gundi ni ugali wa jana. Tiara inanuka mafuta, lakini inapaa mpaka shingo inauma. Mama alikuwa akisema, "Fagio limebaki njiti tatu, sasa nifagie kwa masikio yako?" Vijana wa leo upepo wanautafuta kwenye simu huku unawapiga usoni.

Tulikuwa na mwenzetu, Shabani, mikono yake haikunyooka. Tulimkalisha barazani, tukamrushia tiara, tukampigia kelele, "Shabani, yako hiyo inapaa!" Yeye anatazama, anacheka kidogo. Tulijiona watu wema kweli.

Sasa binti yangu Neema, wa miaka kumi, naye mikono humkakamaa. Shuleni kwao wana kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha ndoo. Akikibonyeza kwa kiwiko, chochote kilichounganishwa nacho kinawaka. Mwalimu akaagiza kila mtoto atengeneze kitu cha hali ya hewa, kiwekwe mbele siku ya wazazi na jina la aliyekitengeneza. Jina la Neema lilikuwa halijawahi kubandikwa kwenye kitu. Nikamwambia atulie, baba yupo. Nikafunga duka mapema, nikaunda tiara kubwa kama mlango, yenye mikia ya riboni za dhahabu.

Mwalimu akaizunguka mara mbili. "Baba Neema, hii ni yako. Ya Neema iko wapi?"

Nikamtazama Neema. Alikuwa anacheka kidogo, kicheko kilekile cha barazani. Nikashikwa na kikohozi ambacho sikuwa nacho.

Kesho yake nikamtandazia riboni dukani. Akachagua kwa kunyoosha kidevu: nyeusi, kijivu, kahawia. Nikamshauri aongeze dhahabu. Akanijibu kwamba mvua ya masika haina dhahabu. Nikazifunga kwenye feni mpya, kila moja pale alipoonyesha yeye, feni ikaunganishwa na kitufe.

Siku ya wazazi nikaiweka feni namba tatu, maana mimi sifanyi kitu nusunusu. Ukutani wenzake walibandika mawingu ya pamba. Neema akabonyeza. Riboni zikaruka kama masika yenyewe, mawingu yakang'oka, pamba ikawavaa wazazi, kofia yangu ikapeperukia nje dirishani. Nikakimbilia swichi.

"Baba, acha," akasema. "Upepo ni mimi."

Akabonyeza tena. Nikaacha. Darasa zima likapiga meza, na mwalimu, pamba ikiwa bado kichwani, akabandika kadi: Masika, kazi ya Neema. Niliisoma mbele na nyuma kutafuta jina langu. Halikuwepo.

Enzi zetu upepo ulikuwa bure, na Shabani hakuupata. Huu wa Neema, ukijumlisha feni, pamba mpya ya watoto wa watu na kofia nyingine, umenitoa shilingi elfu themanini na saba na mia tano.