Wimbo wa Jiwe la Kusagia

Tulikuwa watatu kwenye jiwe la kusagia: mama mkwe wangu, binti yake mkubwa ambaye ni wifi yangu, na mimi mke wa mwanawe wa pili, mwenye mimba ya kwanza. Majina yao ninayo, hata ya ng'ombe wao, ila siyaandiki. Wajukuu wao wako Mirongo na Butimba, na wanajua kusoma.

Kiangazi kile tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha Ujamaa, upande wa Kisesa. Miti ya paa la nyumba ya zamani tulikuja nayo, tukaezekea nyumba mpya. Kila asubuhi mama mkwe alisaga mtama akiimba kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili ni hivi:

*Moto nimeuzima,*
*paa tumelibeba,*

kisha mstari ambao umenipotea, halafu:

*wangu amelala, jua limepanda,*
*mvua ikija, nani atamwamsha?*

Kwetu mkwe mvivu huambiwa kwa wimbo wa jiweni. Nami kwa ile mimba nilikuwa nikichelewa kuamka. Nikajua ni mimi. Nikamlilia mume wangu, naye akaenda.

"Mama, wimbo huo uache. Mke wangu anaumia."

"Nimesikia, baba," akamjibu mwanawe.

Kuanzia kesho yake likasikika jiwe peke yake. Nililala vizuri siku nne, tano hivi.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Nikamwambia wifi, afadhali mama ameacha kuniimba.

"Akuimbe wewe? Una kipi cha kuimbwa?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Yule ni mtoto wake wa mwisho. Alikufa kabla ya kuota meno, akazikwa chini ya upenu kule tulikohama. Mtoto kama huyo hawekewi matanga. Mama alikuwa anatafuta mtu wa kwenda naye kumfunika kwa nyasi, kabla ya mvua. Angesemaje mbele ya wanaume?"

Nikakata nyasi siku hiyohiyo, nikamfuata jiweni. "Mama, twende."

Akautazama mzigo. "Mvua imeshanyesha, mwanangu."

Tulikwenda hivyo hivyo. Kuta zilikuwa zimeyeyuka, na trekta lilikwisha kupita kutengeneza shamba la pamba la kijiji. Mama alizunguka, akasimama, akazunguka tena. Upenu ulikuwa upande gani hakujua. Tukatandaza nyasi pale alipochoka.

Hakuimba tena mpaka tunamzika. Mimi ndiye ninayeuimba sasa, na kila nikifika mstari wa tatu nanyamaza. Nadhani ndimo alimotaja upande wa nyumba. Ninyi mliosaga karibu nasi, kama mko hai, nisahihisheni palipo na kosa. Na mstari ule, mwenye kuukumbuka aniletee.