Mashudu Juu ya Ukoka

Mpaka leo nikiukumbuka ule ukoka napata hasira. Niliupanda mwenyewe, shina kwa shina, mbele ya nyumba ya mama mmoja wa Ibadakuli aliyeniajiri kutunza bustani. Ulipoanza kupauka, nilimwambia tuweke samadi iliyooza vizuri, ile ya chini kabisa zizini.

"Sitaki mavi ya ng'ombe mlangoni kwangu," alisema. "Nimesikia mashudu ya pamba ni mbolea safi. Weka hayo."

Nimekulia kwenye ng'ombe. Kwetu mashudu ni chakula chao, na njia ya kwenda mnadani inapita kando ya ua wake wa minyaa. Nilisema kwa sauti ndogo, "Mama, ng'ombe watayafuata."

Alicheka. "We darasa la saba, unanifundisha?"

Nikanyamaza, nikayamwaga. Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma zaidi.

Siku ya mnada kundi zima lilipasua ua. Mchungaji alipiga mluzi, akachapa fimbo, wapi! Walilamba mpaka udongo, na kwato zikang'oa ukoka wote.

Mama akatoka akifoka. "Wewe si Msukuma? Hukujua kwamba ng'ombe wanakula mashudu?"

Nikasema, "Nilijua, mama. Nilikwambia, ukacheka."

Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo. Nikachukua koleo, nikazoa mavi yote waliyoacha ng'ombe, nikayarundika karibu na mlango wake yaoze. Safari hii hakunizuia.