Upande wa Pili wa Santuri ya Kaluki

Ukimwona Kitonga siku hizi anateremka Mwala na mashine ya santuri ndani ya gunia, usidhani anaiuza. Anatafuta pande za pili. Ana nyimbo mia sita na kitu kwenye kompyuta yake, na karibu zote ni nusu. Kosa la kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa langu. Nitayasema yote mawili mwenyewe, kwa sababu hapa sokoni Machakos watu wanayasimulia ovyo ovyo, na mimi sipendi kusimuliwa.

Naitwa Layla, mama yake Firdaus, fundi wa kushona. Kibanda changu na cha Kitonga vimetenganishwa na mbao nyembamba tu. Tangu mwaka wa tisini na mbili nimekuwa nikishona sare za shule na mabuibui huku gita la Kikamba likinigonga masikioni kutoka asubuhi mpaka wakati wa kufunga. Mimi si mtu wa magita. Hakuna aliyeniuliza. Lakini Kitonga ni jirani mwema, mtu mrefu mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata kwenye jua la Februari, na kila Idi alikuwa akiniletea kuku mzima, hai, ili nimchinjishe mwenyewe. Jirani kama huyo unamvumilia na gita lake.

Kazi yake ilikuwa kurekodi kanda. Mtu anakuja na kanda tupu, anataja nyimbo anazotaka, Kitonga anazitoa kwenye santuri. Sasa, zamani wimbo ulikuwa unakatwa vipande viwili, kimoja kila upande wa santuri. Upande wa kwanza ni maneno: mwimbaji analalamika juu ya mke, juu ya shemeji, juu ya mvua. Upande wa pili maneno yanapungua, gita linaachiliwa, na wanamuziki wanaanza kuita majina ya marafiki zao. Huo ndio watu wanauchezea. Kwa hiyo Kitonga alikuwa anaanza na upande wa pili, ndipo anageuza. Alisema kanda ikimwishia katikati, afadhali mteja akose maneno kuliko kukosa gita. Alifanya hivyo miaka kumi na mitatu, mpaka mkono ukazoea kuitua santuri kifudifudi bila kufikiri.

Ilipofika elfu mbili na tano kanda zilikuwa zimekufa. Watu walitaka CD moja yenye nyimbo mia. Kitonga akauza ng'ombe wawili, akanunua kompyuta iliyotumika, akafundishwa siku mbili jinsi ya kuingiza muziki ndani yake. Akaanza. Anacheza santuri, kompyuta inasikiliza, wimbo ukiisha anaandika jina lake kwa herufi kubwa, kwa kidole kimoja. Hakuuza hata wimbo mmoja. Alisema duka halifunguliwi kabla rafu hazijajaa. Kila jioni alikuwa ananiita niangalie orodha ilivyorefuka, na mimi naangalia, nasema mashallah, narudi kwa cherehani yangu.

Kaluki alikuja Januari ya mwaka uliofuata, kutoka Wamunyu. Mwanamke mfupi, mkavu, hana maneno mengi. Alikuwa amefunga santuri moja ndani ya leso mbili. Nilimsikia kupitia mbao, na sikujifanya sisikii.

"Huyu anayepiga gita ni mzee wangu, Mutinda," alimwambia Kitonga. "Alikuwa mchongaji. Gita ilikuwa ya Jumamosi. Walitoa hii moja tu, tena wakaiuza kwa mkono kwenye dansi. Sijaona nyingine miaka hii yote."

"Ndiye anaimba?"

"Hapana. Anaongea mahali pamoja tu. Mwisho wa upande wa pili."

Kisha akaeleza. Mutinda alifariki mwaka wa themanini na nne, yeye akiwa na mimba ya Kamanthe. Kamanthe hajawahi kusikia sauti ya babake. Picha anazo mbili, sauti hana. Sasa binti ameposwa, na Agosti kutakuwa na ntheo, yaani siku mbuzi wa upande wa mume wanapochinjwa nyumbani kwa msichana na ikajulikana rasmi kwamba ameolewa. Siku hiyo baba ndiye huongea. Kaluki alitaka baba aongee.

"Mashine yangu ilikufa, na santuri imezeeka," akasema. "Iweke ndani ya kompyuta. Nitakuja kuichukua karibu na siku."

Kitonga aliicheza hapo hapo. Gita lilikuwa safi, hata mimi nilisimamisha cherehani. Mwishoni likatulia, na sauti ya mwanamume ikasema kwa Kikamba, polepole, kama mtu anayeongea na nyumba yake: Kaluki, weka maji motoni, niko njiani. Basi. Kaluki akakunja leso zake mbili. Aliiacha santuri kwa Kitonga ikae salama, maana kwake panya wanakula hata sabuni, akaenda zake.

Kutoka siku hiyo likawa ni neno letu. Ukifika wakati wa kufunga, Kitonga anagonga mbao: "Mama Firdaus, weka maji motoni." Nami namjibu, ngoja nipitie kwanza kwa mwenye mkaa. Tulicheka na hilo neno miezi sita.

Mwezi wa tano Kitonga akamaliza. Santuri zote zimeingia, za kwake na za watu. Akajisikia tajiri. Akaniletea makatoni matatu ya santuri, bila kutenga za watu, akasema hazina kazi tena, kila kitu kiko ndani ya mashine, kama nataka nifanye yale mabakuli yangu. Huo ulikuwa mchezo wangu wa wakati huo: unatumbukiza santuri kwenye maji ya moto, inalegea, unailaza juu ya mkebe uliopinduliwa chini juu, unakunja kingo zake, ikipoa ni bakuli la vifungo. Mabibi harusi waliyapenda. Nilifanya arobaini na zaidi, nikagawa, nikauza, na santuri zilizosalia nikawapa mafundi wenzangu wafanye yao.

Nilipokuwa nikifanya niliona moja imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya katikati: Mutinda, Wamunyu. Niliiona, wallahi. Nikafikiri, ah, si iko kwenye kompyuta. Nikaitumbukiza.

Kaluki alirudi Alhamisi, ntheo ikiwa Jumamosi. Safari hii alikuja na Kamanthe mwenyewe, msichana mzuri wa miaka ishirini na mbili, macho ya mamake. Kitonga akawapa viti, akatafuta jina kwenye orodha, akabonyeza. Mwimbaji akaimba malalamiko yake mpaka mwisho. Sauti ikafifia. Wakangoja. Kompyuta ikanyamaza.

"Na ule mwingine?" Kaluki akauliza.

Kitonga akatafuta. Akapanda orodha, akashuka. Akafungua wimbo mwingine, ukaishia pale pale penye maneno. Akafungua wa tatu, wa nne, wa kumi. Nikatoka kwangu nikasimama mlangoni kwake, nikaona shati lake limeloa mgongoni.

Tuligundua baadaye kilichotokea. Alikuwa anaanza na upande wa pili, kama kawaida yake, anauandikia jina la wimbo. Anageuza, anarekodi upande wa kwanza, anauandikia jina lile lile, kwa sababu wimbo ni mmoja. Kompyuta inamuuliza: jina hili lipo tayari, niweke hili jipya mahali pa lile la zamani? Naye anabonyeza ndiyo. Alisema alidhani inamuuliza tu kama yuko tayari. Mara mia sita, ndiyo. Kila alipogeuza santuri alikuwa anafuta gita.

"Si neno," akawaambia wale wawili, na sauti yake haikuwa yake. "Santuri ipo. Nitairudia sasa hivi." Akanigeukia. "Mama Firdaus, zile santuri?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilirudi kwangu nikamwaga vifungo vya bakuli moja baada ya jingine, nikisoma vitako vyake. Saba ndizo zilikuwa zimebaki. Ya tano ilikuwa ya Mutinda, imejaa vifungo vya sare. Nikaipeleka vile ilivyo na kuiweka mezani mbele ya Kaluki.

Akaishika. Akaigeuza. Kamanthe akauliza, "Mama, hii ni nini?" Kaluki akamwambia, "Ni ile." Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Kitonga alikuwa ameketi na mikono kichwani. Mimi ndimi niliyeona. Kitako cha bakuli kilikuwa bapa, kwa sababu mkebe wangu ulikuwa mpana kuliko ile karatasi ya katikati. Kati ya karatasi na mahali nilipokunja kulikuwa na upana wa nusu kidole hivi ambao haukupinda.

"Kitonga," nikamwambia, "huyu mtu anaongea mwanzo ama mwisho?"

"Mwisho."

"Na mwisho uko wapi kwenye santuri?"

Akainua kichwa. Mwisho uko ndani, karibu na karatasi.

Kingo zilikuwa zimesimama, sindano haiwezi kupita. Ilibidi zikatwe. Kitonga akaleta msumeno wa chuma, nikamnyang'anya, maana angeivunja. Nikapasha moto ukingo peke yake kwa ncha ya pasi ya makaa, kidogo kidogo, nikaukata kwa mkasi wangu. Mtu asiye fundi hataelewa. Mkasi wa kitambaa haukatiwi hata karatasi, huharibika. Huo wangu aliniachia mama yangu, na watoto wangu wote walipigwa kwa sababu yake. Niliusikia ukifa mkononi, mkato baada ya mkato, nikazunguka mpaka nikamaliza. Ikabaki sahani ndogo, isiyozidi kisahani cha kikombe cha chai.

Kitonga akaiweka kwenye mashine. Sindano ikaruka. Akairudisha, ikaruka. Mara ya tatu ikaruka mpaka kwenye karatasi ikakwaruza. Akatoa shilingi kumi mfukoni, akaibandika juu ya mkono wa sindano ili uwe mzito, akaushusha taratibu. Kukatokea mkwaruzo, mkwaruzo, kisha gita, likiyumba kama limelewa, kisha likatulia. Na yule mwanamume akasema maneno yake yote, mpaka la mwisho.

Kompyuta ilikuwa inasikiliza. Kitonga akaandika jina, akaongeza, herufi moja moja, SEHEMU YA PILI, akaisoma mara mbili kabla ya kubonyeza. Hakumruhusu mtu kugusa ile sahani tena.

Kamanthe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Aliposhusha mkono akasema, "Kumbe sauti yake ni nyembamba hivyo."

"Ilikuwa hivyo hivyo," mamake akajibu. "Wewe ulikuwa unafikiri nini?"

"Sijui. Nzito."

Jumamosi tulienda Wamunyu, mimi na Kitonga na spika mbili. Sijawahi kualikwa ntheo na sikualikwa hiyo, lakini hakuna aliyenifukuza. Mbuzi wakachinjwa, wazee wakaongea maneno yao, na wakati wa baba wa msichana ulipofika ndugu yake Mutinda alisimama akasema leo hatamwakilisha mtu. Kitonga akabonyeza. Upande wa kwanza mzima, watu wakitikisa vichwa. Ukakatika. Halafu zile sekunde thelathini za gita lenye mikwaruzo, na sauti nyembamba juu ya ua mzima, Kaluki, weka maji motoni, niko njiani. Wazee waliomfahamu wakainamisha vichwa. Kamanthe aliomba irudiwe, ikarudiwa, akaomba tena.

Nikamtafuta Kaluki kwa macho, nisimwone. Nikafikiri ameenda kulia, na nikaona ni haki yangu kumfuata, kwa vile mimi ndimi niliyepika santuri yake. Nikamkuta jikoni. Hakuwa analia. Alikuwa amechukua sufuria, ameijaza maji, anaipandisha kwenye mafiga. Pembeni yake kulikuwa na sufuria tatu kubwa zinachemka, na wanawake wa jikoni walikuwa wanamwambia, mama, maji yapo, maji ni mengi.

"Najua," alisema Kaluki, akaongeza kuni.