Grafu ya Ukurasa wa Kumi na Nne

Jina la Milimita tulimpa sisi wenyewe pale kiwandani, na tulimpa kwa kumcheka. Wiki yake ya kwanza kazini alirudisha kalenda nzima kwa mpiga chapa kwa sababu ukingo wa kushoto ulizidi ule wa kulia kwa milimita moja. Mpiga chapa, mtu mzito asiyependa maneno mengi, alimtazama kutoka juu hadi chini akamuuliza, "Wewe, hata chai yako unaipima kwa rula?"

"Chai hapana," Milimita akajibu bila kucheka. "Ila meza yenu imeinama." Akakunja kipande cha karatasi mara nne, akakisukuma chini ya mguu wa meza, na tangu siku ile vikombe havijateleza tena. Jina likamganda.

Mimi husoma prufu. Kabla kitabu hakijaingia mashineni nakaa nacho na kalamu nyekundu, nawinda herufi zilizoruka, namba zilizopinduka na nukta zilizosahauliwa. Kazini naitwa Nukta, na aliyenibandika jina hilo ni huyohuyo Milimita, kulipiza kisasi. Meza zetu zimetazamana miaka kumi na sita, tunagawana dirisha moja na feni moja mbovu inayopeperusha karatasi zangu na kumwacha yeye na jasho lake. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Kazi yake ni kupanga kurasa. Watu huleta maneno na picha, yeye huviketisha kwenye kompyuta kila kimoja mahali pake, mpaka ukurasa unatulia. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa grafu. Watu wa maofisini hutengeneza grafu humo humo kwenye majedwali yao ya namba, na kwao kazi imeishia hapo: kopi, pesti, tuma. Hawajui kwamba grafu inayong'aa kwenye kioo ikifika karatasini inaweza kuwa kichekesho. Mistari myembamba hupotea. Herufi ndogo nyeusi hujichapa kwa wino wa rangi nne badala ya mweusi peke yake, zikatoa vivuli, msomaji akadhani macho yake ndiyo mabovu.

Wapangaji wengine hubandika hivyo hivyo na kumwachia Mungu. Milimita aliifungua kila grafu kama fundi anavyofungua saa. Alitoa mstari mmoja mmoja akaunenepesha, akafuta herufi zote zilizotoka kwenye jedwali na kuziandika upya kwa herufi za kitabu, ndipo akaiingiza kwenye ukurasa. Grafu moja, saa nzima. Meneja alikuwa akipita nyuma yake anaguna, lakini wateja walirudi mwaka hadi mwaka, kwa hiyo aliishia kuguna tu.

Ustadi ule alifunzwa na mama yake mdogo. Mama mzazi alifariki yeye hajaanza hata shule, na mdogo wa marehemu akamchukua akamlea kama wa kumzaa. Mama mdogo huyo alikuwa mtunza maktaba ya mji, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, kimoja cha wakubwa na kimoja cha watoto. Mtoto akitoka shule alikaa nyuma ya kaunta, akivalisha vitabu majalada ya karatasi ya kaki. "Pima vizuri, mwanangu," mama mdogo alikuwa akimwambia. "Mkasi hauna samahani." Rula ya chuma aliyompa siku hizo ndiyo iliyoko mezani kwake mpaka leo, namba zake zimefutika kwa kushikwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nazungukazunguka tu na najua kwa nini nazunguka.

Kila mwaka baraza la mji hutuletea taarifa yake tuipange na kuichapa. Mwaka ule taarifa ilikuwa na grafu thelathini na moja, zote kutoka kwenye majedwali ya karani wa takwimu. Ile ya ukurasa wa kumi na nne ilikuwa ya wasomaji wa maktaba. Ilionyesha wasomaji wa wiki moja, kwa wastani, katika miaka sita: walianza mia nne na kumi na mbili, wakamalizikia mia tatu themanini na mmoja. Wamepungua thelathini na mmoja. Mstari wa pembeni haukuanzia sifuri, jedwali lilikuwa limejichagulia kuanzia mia tatu na sabini, lakini kwa vile grafu ilienea upana wote wa ukurasa, mstari wa wasomaji uliteremka polepole. Mtu wa baiskeli angeushuka bila kushika breki.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, kesho yake kitabu kinaingia mashineni, akaja katibu wa mwenyekiti na picha. Mwenyekiti anakata utepe kwenye uwanja mpya wa kuegesha magari, tabasamu meno yote nje.

"Hii iwekwe ukurasa wa kumi na nne," akasema. "Huduma za jamii."

"Ukurasa umejaa," Milimita akamwambia.

"Basi ufanye usijae, kaka. Wewe si ndiye fundi?"

Ukitaka kupunguza grafu, unaishika pembeni huku umebonyeza kitufe cha shifti, ili upana na kimo vipungue kwa pamoja. Mtoto wa siku mbili kazini anafundishwa hilo. Lakini ikipungua hivyo ingebaki ndogo mno, na pembeni ya mwenyekiti pangebaki shimo jeupe. Shimo jeupe lilikuwa linamuuma Milimita kama jino. Akaisukuma grafu ubavuni tu. Upana ukapungua zaidi ya nusu, kimo kikabaki palepale, na nafasi ikajaa sawasawa. Kisha, kwa kuwa ni Milimita, akafuta herufi na namba zilizobanwa na kuziandika upya, nzuri, wima.

Hapo ndipo mkono wangu unapoingia. Angekuwa mpangaji mvivu, namba zingebanwa pamoja na mstari, zikakonda, nami ningeziona nikazipiga mduara mwekundu. Yeye alikuwa fundi, kwa hiyo hakuacha alama. Nililinganisha namba zote na jedwali la karani, moja baada ya nyingine, zote sahihi. Nikatia saini. Mstari wenyewe sikuutazama. Mstari si herufi.

Mkutano wa baraza ulifanyika mwezi uliofuata, na kitabu kikagawiwa ukumbini. Tulisimuliwa baadaye kwamba mjumbe mmoja, ambaye maktaba aliijua kwa kupita nje, alisimama na kukiinua kitabu juu. "Namba tuziache," akasema. "Tazameni picha wenyewe, jamani. Hapa kuna nini cha kuokoa?" Kwenye ukurasa ule mstari haukuwa unateremka tena. Ulikuwa unaanguka kutoka darini. Wakapiga kura maktaba ifungwe, na miezi miwili baadaye vitabu viliingizwa kwenye maboksi, maboksi yakaingizwa stoo, na nyumba ile ya nyuma ya posta ikawa ofisi ya vibali vya maegesho. Mama mdogo alistaafishwa kabla ya siku zake.

Milimita alihuzunika, ila alihuzunika kama wengine. "Watu siku hizi hawasomi, Dada," aliniambia akichovya mkate kwenye chai. "Mimi mwenyewe niliiona grafu." Nikamwitikia kwa kichwa. Alikuwa ameuamini mkono wake mwenyewe, nami nikamwamini yeye.

Mwaka mmoja ukapita, taarifa nyingine ikaja, akafungua kurasa za mwaka uliopita ili azitumie kama kiolezo. Kwenye programu ya kupangia kurasa ukibofya picha, vinatokea visanduku viwili vinavyokwambia imepunguzwa kwa kiasi gani. Akabofya grafu ya ukurasa wa kumi na nne. Upana, asilimia arobaini na nne. Kimo, asilimia mia.

"Dada," akaniita. "Njoo uone."

Nilipofika alikuwa tayari ameweka grafu mbili kwenye kioo, ile ya karani na ile yake, na rula yake ya chuma ameiegemeza kwenye kioo kana kwamba kuna cha kupima. Hakukuwa na cha kupima. Ungeziona hata ukiwa mlangoni.

Nitasema nilichomwambia, maana nikikificha nitakuwa mwongo mara mbili. Nilimwambia, "Namba ni sahihi. Kwani ulidanganya? Ukifungua mdomo leo, maktaba itafunguka? Maji yakimwagika hayazoleki. Nyamaza." Nilikuwa na sauti ya mtu anayemtuliza mwenzake. Nilikuwa naitetea saini yangu.

Akanisikiliza. Laiti asingenisikiliza.

Jumapili zote alizoea kwenda kumwamkia mama mdogo. Sasa akaanza kupunguza, mara mafua, mara kazi za haraka, mara gari la rafiki limeharibika na yeye si fundi wa magari. Alikwenda mara moja kwa mwezi, halafu mara moja kwa miezi mitatu. Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Sisi wajukuu tulikuwa nao wawili, wangu na wake, na walikaa nasi pale ofisini kila siku wakitutazama tunavyokunywa chai. Hivyo miaka miwili.

Mwisho mama mdogo alimtumia ujumbe kwenye simu. Milimita alinisogezea simu mezani. "Mwanangu, kama kuna siku nilikukosea, niambie nikuombe radhi. Uzee una mengi, pengine niliropoka."

"Ananiomba radhi mimi," akasema. Akageukia ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mpiga chapa alikuwa anaingia, akaona, akarudi nyuma akafunga mlango taratibu.

Jumamosi asubuhi tulikwenda wote wawili. Nilijilazimisha kwenda. Mama mdogo alitufungulia, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, kanga mabegani, miwani imening'inia shingoni kwa uzi.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba, baba. Leo jua limechomoza wapi?" Akacheka, akanikumbatia mimi pia. "Na huyu ndiye Nukta? Karibuni, karibuni. Mbona mmesimama kama wadai kodi?"

Sebuleni palikuwa na rafu moja aliyoruhusiwa kuichukua kutoka maktaba, na vitabu bado vimevaa majalada ya kaki. Milimita hakukaa. Alitoa karatasi mbili za grafu, ya karani na yake, akazilaza mezani mbele ya mama mdogo, akaanza kueleza. Alieleza vibaya, mara picha ya mwenyekiti, mara shimo jeupe, mara shifti, mpaka akashindwa. Nikamalizia mimi. Nikasema pia kuhusu saini yangu, na kwamba ni mimi niliyemwambia anyamaze.

Mama mdogo alivaa miwani. Alitazama karatasi ya kulia, akatazama ya kushoto, akarudi ya kulia.

"Kwa hiyo ni ileile," akasema.

"Ni ileile, Mama mdogo. Namba zilezile."

Mama mdogo alizikusanya zile karatasi mbili. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na mkoba wake wa kazi wa zamani. Kutoka mfuko wa pembeni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika.

"Siku ile ya baraza nilikuwa nimejiandaa kusema," akaanza. "Niliyaandika maneno yangu usije ukanipotea ulimi. Nikakaa mstari wa pili. Wakagawa kile kitabu, nikafungua ukurasa wangu, nikauona ule mteremko. Nikashtuka. Mimi niliyekuwa nawahesabu wale watu mlangoni kwa penseli, kila siku, nikajiambia labda sikuona vizuri. Nikasema, hii kazi imepita mikononi mwa mwanangu, na mwanangu hakosei hata milimita." Akavua miwani. "Waliponiuliza kama nina neno, nikasema sina."

Milimita akapiga magoti pale pale kwenye zulia. Mama mdogo akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakishikilia, na wakalia wote. "Si wewe peke yako, baba," akawa anasema. "Si wewe peke yako. Hesabu ilikuwa yangu. Ningeisimamia." Mimi sikujua pa kuweka macho, nikaokota ile karatasi ya mikunjo iliyokuwa imeanguka, na kwa mazoea ya kazi nikaisoma. Haikuwa na kosa hata moja. Mistari mitatu tu, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kadi za vitabu.

"Waheshimiwa, wasomaji wetu wamepungua thelathini na mmoja tu, na ni kwa sababu chumba cha watoto kinavuja. Sihitaji kingine chochote. Naomba bati kumi na mbili."

Jumatatu yake Milimita alisimama katikati ya ofisi akatuomba, kwa heshima kabisa, tusimwite tena kwa jina lile. Mpiga chapa alisema sawa, na meneja akasema sawa. Mimi bado huwa linaniponyoka, na kila likiniponyoka, yeye huitika.