Mlezi wa Kikundi cha Jembe

Mama Kristina alifukuzwa kwa heshima zote. Waliomfukuza walimvalisha kitenge kipya, wakampigia makofi, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, na mpaka anafika nyumbani kwake alikuwa bado hajajua kwamba amefukuzwa.

Jina lake hasa ni Evodia. Ni mjane wa hapa kwetu Ulemo, goti lake la kulia limeshakataa kukunjika, na shamba lake la alizeti, lililo mbele ya nyumba yake, limepakana na langu, kiasi kwamba akikohoa namwambia pole bila kuinua kichwa. Miaka mingi mimi na yeye tumekuwa kwenye kikundi cha jembe. Kikundi chenyewe hakina maajabu. Wakati wa palizi tunakwenda shambani kwa mmoja, tunalima wote mpaka liishe, tunakunywa togwa, kesho tunahamia kwa mwingine. Wajane na wagonjwa ndio wa kwanza. Kuna na chungu kingine huwa nyuma ya nyumba ambacho si togwa, lakini sisi ni Walutheri na hatukijui. Hiyo ndiyo pensheni yetu na ndiyo bima yetu. Anayesema kuna nyingine aje anionyeshe ofisi yake iko wapi.

Balaa lilianza Kristina alipopata kazi Ulaya. Ndiye mtoto pekee wa Evodia. Alikwenda Uswidi kuhudumia wazee katika nyumba ambayo serikali ya huko imewajengea, awaogeshe, awalishe, awalaze. Alimwahidi mama yake kwamba mkataba ukiisha anarudi, anajenga, wanakaa wote. Evodia aliishi kwa ahadi hiyo. Alishachagua kiwanja pale pembeni ya shamba, akakizungushia miiba ili mbuzi wa watu wasikichezee.

Sasa, kijijini kwetu mtu akishapanda ndege, habari zake hazihitaji ushahidi. Tuliambiwa Ulaya serikali inakulipa ukifanya kazi, inakulipa usipofanya, na ukiumwa inakuongezea ili upate nguvu za kwenda kupokea. Aliyetufundisha hayo ni Sostenes, mwenyekiti wa kikundi, mtu ambaye hajawahi kuvuka Manyoni. Siku moja baada ya ibada alituita uwanjani, kiti cha plastiki kikatolewa, kitenge kikatolewa.

"Shikamoo mama," alisema Sostenes.

"Marahaba baba."

"Mama Kristina, wewe sasa si mtu wa kulimiwa. Wewe ni mtu mkubwa. Tumekaa kama kikundi, tumeona uwe mlezi wetu."

Makofi yalipotulia Evodia aliuliza mlezi anafanya nini.

"Mlezi anatoa. Unga wa togwa, sukari. Msiba ukitokea, anatangulia."

"Na shamba langu?"

Sostenes alicheka kwa upole, kama anayemcheka mtoto. "Mama, mlezi analimiwaje? Ina maana serikali yote ya Ulaya imeshindwa kukutafutia kibarua?"

Basi ikawa hivyo. Kila Kristina alipotuma chochote, kiliishia kwenye unga wa kikundi na misiba ya watu ambao Evodia hata hakuwafahamu. Vibarua nao, wakisikia shamba ni la mama wa Ulaya, walitaja bei ya Ulaya. Na kinachoniudhi zaidi, Evodia hakuacha kuja na jembe lake. Alipalilia kwa Sostenes, alipalilia kwangu, mguu anauburuta. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Nisipokuja watasema najiona." Jioni anarudi kwake anatazama magugu yake.

Jumapili moja akaona dawa ni watu wajionee wenyewe. Tukiwa pale pale uwanjani alimpigia Kristina simu ya video, akaiinua juu tuone sote. Kristina alikuwa kazini, amevaa nguo za kazi, amepiga magoti anamvisha soksi bibi mmoja wa Kizungu. Bibi akasema maneno, amekunja uso.

"Anasemaje?" Evodia aliuliza.

Kristina alicheka, lakini kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Anasema sisi wageni tunamaliza huduma za wazee. Tumekuja kula kodi zao."

"Na wewe kodi hulipi?"

"Inakatwa kabla sijaiona, mama."

"Na soksi anavishwa na nani?"

"Si unaniona?"

Evodia akamgeuzia Sostenes ile simu usoni. Alidhani sasa ameona, maana hata kipofu angeona. Sostenes alimtazama yule bibi kwa muda, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Huyu bibi ana akili sana," alisema. "Hata sisi tungekuwa wakali mapema tusingefika hapa. Mtu ana mtoto Ulaya, bado anataka majembe ya maskini!"

Nilishindwa kujizuia. "Sostenes, huyu mama juzi kapalilia kwako!"

"Ndiyo, Agripina. Na tunamshukuru sana mlezi wetu."

Watu wakapiga makofi. Nilitamani nichukue kile kiti cha plastiki nimvike kichwani.

Mvua ziliendelea kunyesha na magugu hayakusikia habari za ulezi. Alizeti ya Evodia ilikuwa ya magotini, magugu yakaipita, majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Kila mtu alijua kwamba palizi ikipita wiki ile, pale hapavunwi kitu, na shamba lile ndilo chakula chake cha mwaka mzima. Alilima mwenyewe kwa kukaa chini na kujisogeza kwa makalio. Niliingia kumsaidia, lakini mikono ya wanawake wawili wazee inafika wapi?

Asubuhi moja alikuja jikoni kwangu, hakutaka hata kukaa.

"Agripina, Kristina akifukuzwa huko Ulaya, mimi hapa nitakuwa nani?"

Nilifikiri. "Utakuwa mjane."

"Basi amefukuzwa."

"Lini?"

"Sasa hivi. Kazi yako nenda kisimani ukateke maji, halafu ulie kidogo."

Nililia kidogo tu, naapa. Lakini kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imezunguka kijiji na kunirudia mwenyewe, imenenepa: Kristina amefungwa kamba, amepakiwa kwenye ndege na kiatu kimoja, na yule bibi wa soksi alikuwa dirishani anamzomea.

Kesho yake alfajiri nilisikia nyimbo. Kikundi kizima kilikuwa kinakuja na majembe begani, Sostenes mbele, mke wake nyuma na unga wa togwa kichwani. Unga wa kwao, si wa mlezi! Sijapata kuona watu wenye upendo kiasi kile. Walimshika Evodia mkono mmoja mmoja.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Wazungu hawana utu, mama. Mtu kawatunza wazee wao wote, leo wanamtupa!"

Sostenes ndiye aliyesema hayo, na alikuwa na machozi ya kweli. Nataka nimtendee haki. Mtu aliyeanguka anampenda kwa moyo wote. Aliyesimama ndiye anayempa taabu.

Wakashuka shambani, majembe yakaimba. Tulipofika katikati, simu ikaita kwenye upindo wa kanga ya Evodia. Akaiweka sikioni, akageukia upande wangu. Nilikuwa naye mstari mmoja, na Kristina alikuwa anapiga kelele kwa furaha mpaka nikasikia kila neno.

"Mama, nimepata! Wamenipa kibali cha kukaa moja kwa moja! Mambo ya mkataba kuisha yamekwisha!"

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, mama! Hata nikizeeka watanitunza huku huku!"

Evodia akasema, "Hongera, mwanangu. Mungu akubariki," taratibu, kama mtu anayeomba asisikike. Akairudisha simu kwenye upindo, akakaa chini kati ya mistari, ule mguu ameunyoosha mbele, akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku tuliyomzika mumewe.

Majembe yalisimama. Nami nilisimama, maana ile sehemu ya kulia hatukuwa tumeipanga.

Sostenes alivua kofia. "Mnaona? Bila shaka ndiyo wamemshusha uwanja wa ndege sasa hivi. Kazeni, jamani. Mama yetu asilale na gugu hata moja."

Wakakaza kweli. Jua la adhuhuri halijafika, shamba lote lilikuwa jeusi, safi, alizeti zimesimama kama watoto waliooga. Watu walipotafuta kipande kingine cha kumfurahishia, mke wa Sostenes akaiona ile miiba ya kiwanja, ndani yake majani yamejaa.

"Na hapa je, mama? Tusafishe?"

Nikamtazama Evodia. Alifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ondoeni miiba," alisema. "Nitapanda maboga."